Nani Kamuua, Kapata Wapi: Mbinu za Kupinga Ubaguzi na Chuki Mtaani Bulyaga

Huku kwetu Tukuyu, chuki huanza na maswali mawili. La kwanza huulizwa msibani, watu wakiwa bado wanakusanya kuni: nani kamuua? La pili huulizwa kijiweni, duka jipya linapofunguliwa au nyumba ya jirani inapopandishwa bati: kapata wapi?

Kuuliza si kosa. Mtu akifa ghafla, waliobaki wana haki ya kujua sababu. Mtu akitajirika haraka, jirani atashangaa. Ubaya unaingia pale jibu linapopatikana bila kutafutwa, na kila mara likawaangukia watu walewale: bibi kizee anayeishi peke yake, mfanyabiashara wa kabila jingine, mtu mwenye ulemavu, mtoto mwenye ualbino. Bibi ataitwa mchawi. Mfanyabiashara ataambiwa ana ndagu, yaani kamtoa kafara ndugu yake ili apate mali. Na mtu mwenye ualbino ataambiwa jambo baya kuliko yote: kwamba mwili wake wenyewe ndio dawa ya huo utajiri.

Nchi yetu imelipa gharama ya majibu hayo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 makumi ya watu wenye ualbino wameuawa Tanzania, wengine wamekatwa viungo wakabaki hai, na makaburi yamefukuliwa. Mwaka 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili aliibwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, mkoani Kagera, akakutwa ameuawa. Miongoni mwa walioshtakiwa walikuwamo baba yake mzazi na padri. Kagera ni mbali na wilaya yetu ya Rungwe, lakini imani iliyomwua mtoto yule inazungumzwa hapa pia, na mara nyingi anayeizungumza ni mtu tunayemheshimu.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa kawaida wa Bulyaga, hapa Tukuyu: mama wa kikoba, mwalimu, dereva wa bodaboda, mwanakwaya, mwenyekiti wa kitongoji. Hauhitaji cheo wala mradi. Unahitaji ujuzi wa mambo machache na ujasiri wa kuwajibu watu wako mwenyewe.

1. Sikiliza kwanza, ukianza na ulimi wako

Kabla hujamrekebisha yeyote, tumia wiki moja kusikiliza. Sokoni, kwenye daladala ya kwenda Mbeya, saluni, baada ya ibada, kikundini. Utagundua kwamba sentensi za kibaguzi ni chache na zinarudiwa:

- "Wale ndivyo walivyo." Kosa la mtu mmoja linabebeshwa kabila zima.
- "Huyu si wa hapa." Mtu kaishi Bulyaga miaka 20, amezika hapa, amelipa michango yote, na bado ni wa kuja.
- "Hakuna kifo cha bure." Maana yake msiba lazima uwe na mshitakiwa.
- "Utajiri ule si wa kawaida." Maana yake tumeshamhukumu, bado kumtaja tu.
- "Dili hilo linapita." Maana yake mwili wake ni bidhaa ya kuuzwa. Hii anatupiwa mtu mwenye ualbino njiani, wakati mwingine na watoto wadogo waliowasikia wakubwa.

Ziandike mahali. Kisha jiulize ni ipi kati ya hizo uliwahi kuisema au kuichekea. Jiulize pia ni nani hajawahi kukaribishwa nyumbani kwako, na ni mtu wa aina gani ungekataa kumpangisha chumba. Majibu ya kweli ya maswali hayo yatakuonyesha pa kuanzia. Mtu asiyejua upendeleo wake mwenyewe huwarekebisha wengine kwa kiburi, na kiburi kinawafanya watu washikilie wanachoamini.

Vipi kuhusu utani? Utani wa makabila ni mali yetu, na umewasaidia Watanzania kuishi pamoja. Upime kwa maswali matatu. Je, anayetaniwa anaweza kukurudishia kwa nguvu ileile bila woga? Je, anacheka kweli, au anajilazimisha kwa sababu yuko peke yake? Je, baada ya kicheko kuna haki anayoipoteza: kazi, nyumba, mkopo, mchumba? Utani una pande mbili zinazorushiana. Upande mmoja ukinyamazishwa, kilichobaki ni dharau.

2. Jifunze maelezo ya kweli ya kifo, mali na rangi ya ngozi

Uongo hauondoki mahali ulipokaa mpaka maelezo mengine yaje kukaa pale. Kumwambia mtu "usiamini hayo" hakumsaidii, kwa sababu swali lake bado halijajibiwa. Kwa hiyo jifunze kujibu.

*Kuhusu kifo.* Shinikizo la damu huua mtu aliyelala mzima. Kiharusi humwangusha mzee akiwa shambani mchana kweupe. Kisukari kisichogunduliwa hukondesha mtu mpaka majirani waanze kunong'ona. Waombe wahudumu wa afya wa Hospitali ya Wilaya ya Makandana, au wa kituo kilicho karibu, waje kuzungumza na kikundi chenu na kupima presha na sukari. Mtaa ambao watu wake wanajua namba zao za presha hutafuta wachawi wachache zaidi.

Macho mekundu ya bibi, yanayochukuliwa kuwa alama ya uchawi, pia yana maelezo. Tukuyu ni mji wa baridi na mvua, na wanawake wetu wengi wametumia miaka 50 au 60 wakipika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Moshi huo ndio uliomharibia bibi macho na kifua. Aliyapata maradhi hayo akitupikia sisi, na kumwita mchawi kwa sababu hiyo ni kumlipa ubaya kwa wema.

*Kuhusu mali.* Watu wa Rungwe wanatajirika kwa njia zinazoonekana. Parachichi aina ya Hass zinanunuliwa kwa kilo na kupelekwa Ulaya. Ndizi na viazi hupakiwa kwenye malori kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Kuna chai, kuna maziwa, kuna biashara ya mpakani Kasumulu. Mfanyabiashara wa Kikinga anayesemwa kwamba ana ndagu, mara nyingi ana mambo matatu tunayoweza kuyahesabu: anafungua duka alfajiri, ananunua mzigo kwa pamoja na ndugu zake ili apate bei ya jumla, na faida ya mwaka wa kwanza haili. Mkaribishe aje kikundini aeleze anavyozungusha mtaji. Jirani anayejua biashara inavyoendeshwa hana haja ya hadithi ya ndagu, na huenda naye akaanza kuweka akiba.

*Kuhusu ualbino.* Hili lijue kwa undani, kwa sababu hapa uongo unaua moja kwa moja.

Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili hutengeneza kidogo sana, au hautengenezi kabisa, melanini, ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili. Mzazi anaweza kuwa mweusi tii na bado akabeba kinasaba hicho bila kujua. Wazazi wawili wanaokibeba wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hivyo mama hakuzini na Mzungu, hakulaaniwa, na hakutembelewa na mzimu. Baba anayemfukuza mke wake kwa sababu hiyo anakimbia kinasaba ambacho na yeye anacho.

Kwa Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino. Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Ni hali ya kawaida kwetu, na watu hawa ni Waafrika kama sisi.

Watu wenye ualbino hufa na kuzikwa kama watu wengine. Hawapotei kama wasemavyo wengine. Kulala na mwanamke mwenye ualbino hakuponyi UKIMWI. Imani hiyo inamweka yeye katika hatari ya kubakwa na kuambukizwa. Na kiungo cha binadamu hakileti fedha. Anayepata fedha ni mganga anayelipwa na muuaji anayetumwa. Kama viungo vingeleta utajiri, waganga wenyewe wasingekuwa wanaomba malipo.

3. Jibu mapema, na ujibu kama mtu wa ndani

Hii ndiyo mbinu kuu katika mwongozo huu wote. Mgeni akitoka Mbeya au Dar es Salaam na kutuhubiria kuhusu ubaguzi, tunampigia makofi kisha tunaendelea. Akisema mtoto wa dada, shemeji, mzee wa kanisa au rafiki wa kijiweni, neno linaingia.

Historia ya nchi hii ina mfano mkubwa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na wengi wao walikuwa watu wa TANU, chama cha Julius Nyerere mwenyewe. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza. Watu walikuwa wametoka kubaguliwa: shule za Wazungu zilikuwa zao, za Wahindi zao, za Waafrika zao, na hospitali vivyo hivyo. Hasira ilikuwa na sababu. Nyerere alisimama akawajibu wenzake, akakataa katakata kuufunga uraia kwa rangi ya ngozi, na akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita. Waingereza hawakuwa na nguvu ya kutushawishi juu ya hilo. Nguvu hiyo alikuwa nayo mmoja wetu.

Wewe huna Bunge, una ukumbi wa msiba na benchi la bodaboda. Haya ni majibu unayoweza kuyatumia, kwa adabu ya huku kwetu.

*Kwa mzee.* Usimkatize mbele za watu. Salimia, kaa, mwache amalize, kisha uliza: "Shikamoo babu. Samahani, naomba nijifunze. Nani alimwona akifanya hivyo?" Swali la heshima linamwachia mzee nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Kama hakurudi, mfuate nyumbani baadaye, ukae naye jikoni, na useme wazi: "Babu, maneno yale yanaweza kumwua mtu. Vijana wanakusikiliza wewe kuliko mwenyekiti."

*Msibani.* Hapa ni lazima kujibu papo hapo, kwa sababu jina likishatajwa kabla ya mazishi linabaki. "Mama mkubwa, daktari amesema ni presha. Tumzike marehemu kwa heshima. Tukianza kutaja majina hapa, kesho kuna mtu nyumba yake itachomwa moto, na sisi ndio tutakuwa mashahidi." Zungumza mapema na mwenye msiba na mchungaji au sheikh, ili chanzo cha kifo kisomwe pamoja na wasifu wa marehemu. Sentensi moja ya kitabibu ikisomwa mbele ya watu wote, inazuia maneno mengi ya usiku.

*Kwa rika lako.* Hapa unaweza kuwa mkali. "Kaka, yule mtoto ana jina. Mwite jina lake." Usicheke ili usionekane mgumu. Kicheko chako ndicho anachokitafuta.

*Kwa mtoto mdogo.* Usimpige wala kumtisha. Mweleze: "Ngozi yake haina rangi ya kumkinga na jua, ndiyo maana anavaa kofia. Nenda kamwalike mcheze." Kisha tafuta nani alimfundisha neno lile, uzungumze naye pia.

Ukishajibu, mtafute aliyesemwa. Mtembelee, mwambie hukukubaliana na maneno yale, mwulize anahitaji nini. Mtu anayebaguliwa huumizwa na anayesema, na huumizwa zaidi na umati ulionyamaza.

4. Toa kinyongo nje kabla hakijatafuta jina la uchawi

Nyuma ya tuhuma nyingi kuna ugomvi wa kawaida: mpaka wa shamba la migomba, mirathi, deni, mchumba aliyekataliwa. Mtu hataki kusema "nataka kiwanja cha bibi", basi anasema "bibi ni mchawi".

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na hekima hapa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu kuhusu matambiko ya ukoo mwaka 1957, alieleza jinsi ndugu waliokosana walivyotakiwa kuitamka hasira yao waziwazi mbele ya wenzao kabla ya tambiko la kupatana. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni ndiyo inayodhuru.

Tunaweza kuitumia hekima hiyo leo bila tambiko. Ukisikia tuhuma, tafuta ugomvi ulio nyuma yake. Waite pande mbili, pamoja na wazee wawili wanaoaminika na angalau mwanamke mmoja, kwa sababu wanaotuhumiwa wengi ni wanawake na kikao cha wanaume watupu huwatisha. Kila mmoja aseme kinachomuuma, tuhuma za uchawi zikiachwa nje ya mlango. Mkikubaliana kuhusu mpaka au deni, andikeni, wote watie saini, nakala ibaki kwa mwenyekiti. Lisipomalizika, lipelekeni baraza la kata kama mgogoro wa ardhi, au Mahakama ya Mwanzo kama mgogoro wa madai, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Na likija pendekezo la kuchangisha fedha ili waletwe watu wa kutafuta wachawi, wale wanaoitwa kamchape au lambalamba katika mikoa ya magharibi na kusini magharibi, kataa kutoa mchango, useme sababu yako kikaoni, na umjulishe mtendaji siku hiyohiyo. Watu hao wanakuja, wanachukua fedha, wanataja majina na kuondoka. Sisi ndio tunaobaki na majirani waliovunjiana nyumba.

5. Zima uvumi wa simu

Sauti inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp: kuna gari jeusi linateka watoto, limeonekana Kiwira, linakuja Tukuyu. Baada ya saa chache, dereva mgeni aliyesimama kuuliza njia anazungukwa na watu wenye hasira.

Nchi jirani imetufundisha neno linaweza kufika wapi. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, ikawaita Watutsi mende kwa miezi mingi kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Aliyelisema neno alihesabiwa kuwa na damu mikononi kama aliyeshika panga.

Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, fanya haya kwa mpangilio:

- Usiutume mbele, hata "kwa tahadhari tu". Tahadhari isiyo na ukweli ni hofu.
- Mwulize aliyeutuma: nani aliona, wapi, lini, na nani mwingine anaweza kuthibitisha? Kama jibu ni "nimetumiwa tu", liandike hilo kikundini ili wote walione.
- Mpigie mtendaji au polisi kata, kisha urudishe jibu lao kikundini.
- Kama wewe ni msimamizi wa kikundi, weka kanuni ya wazi: hakuna kutaja mtu kuwa mchawi, mtekaji au mwenye ndagu, na hakuna picha za watu wenye ualbino zinazotumwa kwa mzaha. Anayerudia anaondolewa.

Waeleze wenzako pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza taarifa za uongo na maudhui ya ubaguzi wa rangi. Wengi hutulia wanapojua kwamba simu yao ni ushahidi.

6. Mkinge mtoto mwenye ualbino bila kumtenga

Mauaji yalipozidi, kuanzia mwaka 2008 watoto wengi wenye ualbino walipelekwa kwenye shule zenye mabweni na ulinzi kama Buhangija huko Shinyanga na Kabanga huko Kasulu. Maisha yaliokolewa, lakini watoto walikua mbali na wazazi, na wengine wakasahaulika huko. Lengo letu Bulyaga liwe mtoto huyu akue nyumbani, asome na wenzake, na awe salama.

*Jua na ukungu.* Hapa tunadanganyika kirahisi. Tukuyu ina mawingu na mvua karibu mwaka mzima, hivyo tunadhani ngozi haiungui. Mionzi ya jua hupenya wingu, na kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyozidi: takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mji wetu uko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Siku ya ukungu, mtoto mwenye ualbino bado anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Kuna mafuta yanayotengenezwa nchini kwa ajili yao, Kilisun, ambayo uzalishaji wake ulianzia hospitali ya KCMC, Moshi. Waulize wahudumu wa Makandana namna ya kuyapata, na panga ngozi ikaguliwe angalau kila miezi sita. Saratani ya ngozi imeua watu wengi wenye ualbino kimyakimya, bila gazeti kuandika.

*Darasani.* Ualbino huja na uoni hafifu. Mwalimu, mkalishe mbele, mbali na mwanga wa dirisha, mruhusu asogee ubaoni, soma kwa sauti unachoandika, na mpe daftari la mwenzake anakili. Usimpe kazi za shamba la shule wakati wa jua kali; mpe kazi ya kivulini yenye hadhi sawa, wenzake wasione kama anapendelewa. Mapema kabla ya mtihani, hakikisha shule imemwombea Baraza la Mitihani karatasi zenye maandishi makubwa na muda wa ziada. Watoto wengi walioitwa wazito darasani walikuwa hawaoni ubao.

*Njiani na nyumbani.* Familia isiachiwe mzigo peke yake. Nyumba tano za jirani ziwe na namba zao za simu na zikubaliane: mtoto haendi shule wala kisimani peke yake, na kelele ikisikika usiku wote wanatoka. Mgeni anayeuliza maswali kuhusu mtoto, au ndugu anayeomba ghafla kumchukua "akakae mjini", mripoti. Mara nyingi anayeuza siri huwa mtu wa karibu. Usisambaze picha ya mtoto wala mahali anapoishi.

Mweleze mtoto mwenyewe kwamba wapo waliotangulia. Chama cha watu wenye ualbino nchini, TAS, kipo tangu 1978. Al-Shymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008. Salum Khalfani Bar'wani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015, baadaye akawa balozi. Mtoto akijua hayo, ataanza kujiona kama mtu mwenye kesho.

7. Hesabu nani hayupo mezani

Ubaguzi wa maneno una ndugu yake wa kimya: kutokuwapo. Chukua orodha ya viongozi wa kikoba chenu, kwaya, kamati ya shule, kamati ya maji, chama cha ushirika. Je, kuna mtu wa kabila tofauti? Mtu mwenye ulemavu? Mjane? Kama hayupo, tafuta sababu. Huenda kikao kiko mahali penye ngazi. Huenda kinaendeshwa kwa Kinyakyusa na asiyekijua anakaa kimya. Huenda mdhamini lazima awe wa ukoo, na mgeni hana ukoo hapa. Badilisha jambo moja kila mwaka wa kikundi, na ulisimamie mpaka liwe desturi.

Anayeajiri kibarua wa chai au muuzaji wa duka ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kubagua kwa rangi, kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ulemavu na hali ya VVU. Katiba yetu, katika ibara ya 12 na ya 13, inasema binadamu wote huzaliwa huru na ni sawa, na inakataza kumbagua mtu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya elimu, afya na ajira. Bandika maelezo hayo kwenye ukuta wa ofisi ya kikundi, kwa Kiswahili chepesi.

8. Hatari ikija, ripoti kwa mpangilio

Andika tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na majina ya waliosikia. Hifadhi ujumbe wa simu bila kuufuta. Kisha:

- Kama kuna tishio la kuua, kupiga au kuchoma nyumba, piga polisi 112 mara moja, na mwondoe anayetishwa akalale mahali salama usiku huo.
- Kama ni mtoto, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto, na umwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.
- Kama ni kubaguliwa kazini, shuleni au katika huduma, anza na uongozi wa mahali pale kwa maandishi. Usiposikilizwa, andikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kukuandikia bila malipo.
- Usiende peke yako. Shahidi mmoja ni rahisi kutishwa. Majirani sita wakifika pamoja kituoni, jalada linafunguliwa.

Mtuhumiwa naye alindwe na umati. Hata anayesemekana kuua mtoto ana haki ya kufikishwa mahakamani, na sisi tuna haki ya kujua nani alimtuma. Akiuawa barabarani, aliyemtuma anabaki salama, akitafuta mwingine wa kumtuma.

Anza wiki hii

Fanya mambo matatu. Mtembelee mtu mmoja wa Bulyaga ambaye watu wanamsema, ukae naye kwa muda wa kutosha kumfahamu. Andaa sentensi utakayoisema kwenye msiba ujao, na uifanyie mazoezi kwa sauti, kwa sababu ujasiri hupotea pale tunapoanza kutafuta maneno. Omba dakika kumi kwenye kikao kijacho cha kikundi chako ueleze jambo moja kutoka katika mwongozo huu.

Baada ya mwaka mmoja, pima kazi yako kwa mambo yanayoonekana: bibi aliyekuwa anajifungia sasa anakuja ibadani, mtoto mwenye ualbino yuko darasani kwa mahudhurio kamili, msiba umepita bila jina la mtu kutajwa, mpangaji wa kabila jingine amechaguliwa kuwa mweka hazina. Kama hayo hayajatokea, ongeza watu wawili kwenye kazi na muendelee. Na akitokea mtu wa kusema, "Bulyaga sisi hatuna ubaguzi", mwombe akaulize kwa wanaobaguliwa, halafu mfuatane pamoja kusikiliza jibu.